Mtoto wa Milanzi asikatishwe dawa kwa kukosa nauli

Ndugu zangu wa Milanzi, na majirani zetu wa Katandala, Izia, Chanji na kata nyingine za manispaa yetu ya Sumbawanga, naomba mnisikilize juu ya watoto wanaoanzishiwa dawa za saratani kisha wakaishia njiani.

Dawa zipo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina wodi za watoto wenye saratani, na familia haitozwi matibabu hayo, kwa juhudi za Serikali ikishirikiana na taasisi ya Tumaini la Maisha iliyoanzishwa mwaka 2011. Siku za nyuma watoto hawa walitibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road pamoja na watu wazima. Leo wana wodi zao na wauguzi waliozoea mishipa midogo ya mkono wa mtoto. Hospitali ya Bugando kuna huduma hiyo, hospitali ya KCMC ipo, na Mbeya, ambako ni karibu yetu zaidi, nako imeanza. Kwa hiyo mzazi wa Ufipa anayeambiwa mwanawe ana saratani asidhani kwamba amesomewa hukumu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 huugua saratani duniani. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Ugonjwa ni ule ule, na dawa nyingi ni zile zile za miaka mingi. Pengo hilo linatokana na kuchelewa kufika hospitali, kupewa tiba ya ugonjwa mwingine, kukosekana kwa dawa au wataalamu, na kuacha matibabu kabla hayajakamilika. Mwaka 2018 Shirika hilo lilijiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau watoto 60 katika kila 100 wawe wanapona. Serikali ina sehemu yake kubwa katika hilo, na tuidai bila kuchoka. Lakini hiyo sababu ya mwisho, ya kuacha dawa njiani, iko mikononi mwetu sisi tunaoishi mlango kwa mlango na hizo familia.

Tazameni inavyokuwa. Daktari wa hospitali ya mkoa anampapasa mtoto tumbo, anaona uvimbe mgumu upande mmoja, anaandika barua ya rufaa. Ni Desemba, mvua imeshika, mbegu ziko ndani na shamba halijapandwa lote. Mama anakunja kanga mbili na blanketi, anatia barua na kadi ya kliniki kwenye mfuko wa nailoni ili zisilowe, anambeba mtoto hadi stendi. Kutoka hapa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Laela na Tunduma. Akiambiwa aende Dar es Salaam, mbele kuna kilomita nyingine zaidi ya 800. Nauli imetosha kiti kimoja, kwa hiyo mtoto anapakatwa njia nzima, na kila basi linaporuka tuta mama anaweka kiganja chini ya lile tumbo kulizuia lisitikisike. Anashuka kwenye mji asioujua, wenye joto asilolizoea mtu wa nyanda za juu, akiwa na simu yenye chaji kidogo na namba ya shemeji ambaye huenda asipokee.

Huko anapokewa. Familia za mbali hupatiwa mahali pa kulala kwenye hosteli ya Ujasiri, mtoto anafanyiwa vipimo, dripu zinaanza. Nywele zinanyonyoka. Mdomo unatoka vidonda, ugali haupiti, anakunywa uji wa vuguvugu kidogo kidogo. Mama analia, lakini wiki zinapita na lile tumbo linapungua. Uvimbe unayeyuka mpaka hauonekani kwa macho wala kwa mkono. Mtoto anaanza kucheza, anaomba chakula.

Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi wetu hatuijui. Uvimbe unaweza kutoweka kabla seli za ugonjwa hazijaisha mwilini, ndiyo maana dozi huendelea: kwa uvimbe wa figo ni miezi, kwa saratani ya damu ni miaka miwili au zaidi. Nyumbani nako simu zinapigwa. Palizi imechelewa. Mdogo wake ana homa na analelewa na bibi ambaye naye hajiwezi. Mbuzi wawili wameshauzwa. Baba anauliza, na kuuliza kwake kuna mantiki yote ya mtu aliyezidiwa: si ameshapona? Rudini kwanza, mtaenda tena tukivuna. Mama anaomba ruhusa ya wiki mbili. Anarudi Milanzi, majirani tunakuja kumpongeza, tunamshukuru Mungu, tunakunywa chai. Wiki mbili zinakwisha, nauli ya kurudi haipo, na sisi tuliokunywa ile chai hatuulizi. Uvimbe unaporudi, mara nyingi unakuja mkali kuliko mwanzo, na zile dawa zilizouyeyusha hazina tena nguvu ile.

Simlaumu mama huyo, wala baba. Nawauliza majirani: tulikuwa wapi zile wiki mbili zilipokwisha?

Mchango tunaujua. Kadi za harusi zinafika hadi kwa mtu aliyehama mji, kipaimara kinachangiwa, na msiba ukitokea daftari linafunguliwa kabla jua halijazama. Tatizo ni kwamba kwa mtoto mgonjwa tunasubiri mpaka hali iwe mbaya, kisha picha yake akiwa nusu uchi, uvimbe ukionekana, inazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ili watu waone huruma. Mimi jambo hilo linaniumiza. Mtoto huyo akipona atakwenda shule na wenzake, na picha ile bado itakuwa kwenye simu za watu. Mfuko ukiwepo kabla mtoto hajaugua, hakuna mama atakayelazimika kumwanika mwanawe ili apate nauli.

Napendekeza basi mfuko wa safari, kila mtaa na wa kwake, na usianze kwa fedha. Uanze kwa mahindi, maana hicho ndicho tunachokuwa nacho sote. Wakati wa mavuno, Juni na Julai, kila kaya itoe debe moja. Kaya mia moja zinatoa madebe mia moja, ambayo ni magunia kama kumi na sita hivi. Yakaushwe vizuri, yatiwe dawa ya ghala, yahifadhiwe. Sehemu iuzwe kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) wakifungua vituo vya kununulia, ili fedha ya dharura ipatikane mapema. Nyingine isubiri Januari na Februari, bei inapopanda na familia nyingi zinapokaukiwa. Fundi, mwalimu, mama ntilie na kijana wa bodaboda ambao hawalimi watoe thamani ya debe. Ghala liwe na funguo mbili zinazoshikwa na watu wawili wasio wa nyumba moja, na daftari lisomwe hadharani kwenye kila mkutano wa mtaa, jina kwa jina, debe kwa debe. Tumeshuhudia mifuko mingi ikifa kwa sababu daftari lilikuwa kwa mtu mmoja.

Fedha hiyo ilipe nauli ya kwenda na kurudi ya mama na mtoto, kila mara wanapoitwa, mpaka daktari aseme dozi imekamilika. Ilipe na chakula cha njiani.

Fedha peke yake haitapalilia shamba, hata hivyo. Nawaomba jumuiya ndogo ndogo, kwaya, vikundi vya VICOBA na vijana wa mpira tugawane siku: shamba la familia iliyo hospitali lilimwe, lipandwe na lipaliliwe na mtaa, kwa tarehe zile zile tunazohudumia ya kwetu. Lisilimwe baada ya wengine wote kumaliza, mvua ikiwa imekwenda. Wadogo wa mgonjwa wale kwa majirani kwa zamu inayojulikana, na mwalimu wao aambiwe kinachoendelea nyumbani ili akimwona mtoto anasinzia darasani asimchape. Baba akijua kwamba shamba limepaliliwa, hatapiga ile simu ya kuwaita warudi.

Kisha tumteue mtu mmoja, mtulivu na asiye na maneno mengi, awe ndiye anayezijua tarehe za kurudi hospitali. Apige simu wiki moja kabla. Ahakikishe tiketi imekatwa. Mtoto aliye kwenye dawa akipata homa usiku, mfuatiliaji huyo ndiye wa kwanza kuitwa, kwa sababu dawa hizi hushusha kinga ya mwili na homa ambayo kwa mtoto mwingine tungeisubiri hadi asubuhi, kwa huyu ni ya kukimbiziwa hospitali saa hiyo hiyo. Vijana wa bodaboda, nawaomba namba zenu ziwe kwake, na safari hiyo ya usiku isijadiliwe bei.

Watoto tunaowazungumzia si wa Milanzi tu, maana ipo saratani inayowapata zaidi watoto wa mabondeni. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari hadi kusini mwa Afrika, hospitali kwa hospitali, wakiuliza ni wapi uvimbe huo unaonekana. Walikuta unafuata sehemu za joto na mvua, ambazo ndizo zenye malaria nyingi, na kwenye nyanda za juu zenye baridi unapungua. Sisi tunakaa kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi. Ndugu zetu wako chini, Bonde la Rukwa, Kirando na Kasanga. Mtoto wa shangazi anapoletwa hospitali ya mkoa kutoka huko, anafikia kwako Milanzi. Mfuko usimuulize amezaliwa kata gani.

Na uvimbe wa Burkitt hausubiri vikao. Seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto taya likivimba na meno kulegea, mkampeleka kung'olewa jino na uvimbe ukaendelea, msirudi kwa yule yule. Nendeni hospitali ya mkoa. Akina mama, mnapomwogesha mtoto, pitisheni mkono tumboni. Ukikuta kitu kigumu, usikibonyezebonyeze, mpeleke. Mtoto anayepauka, anayetokwa na damu kwenye fizi, mwenye madoa ya michubuko bila kuanguka, na homa isiyosikia dawa ya malaria, mzazi wake adai kipimo cha damu kamili. Na kama picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga inaonyesha mboni moja nyeupe iking'aa kama jicho la paka, isifutwe kwa kudhani imeharibika. Ionyesheni kwa mganga mfawidhi wa zahanati kesho yake. Saratani hiyo ya jicho huanza kwa watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka mitano, na ikiwahiwa mtoto anaishi.

Wazee wetu, na waganga wetu wa tiba asili, nawaomba kwa heshima. Miongoni mwa dawa zinazotumika kutibu saratani ya damu na uvimbe wa figo kwa watoto ipo vinkristini, iliyotokana na ua dogo la zambarau la Madagaska, ambalo leo limepandwa mbele ya nyumba nyingi. Mimea ina nguvu, hakuna anayebisha. Lakini dawa hiyo hupimwa kwa kiasi kidogo mno kulingana na mwili wa mtoto, na huingizwa kwenye mshipa tu, ikikosewa inaua. Mtoto mwenye uvimbe akiletwa kwako, mwambie mama aende hospitali leo. Neno lako linasikika kuliko bango la zahanati. Wala tusitafute mchawi. Saratani nyingi za watoto hazina chanzo kinachojulikana, haziambukizi kwa kula sahani moja, na hakuna bibi kizee wa mtaa huu aliyezileta. Familia yenye mtoto mgonjwa inahitaji majirani wote, yule bibi akiwamo.

Kuna jambo moja lisilohitaji hata debe. Watoto hawa huishiwa damu mara kwa mara katikati ya matibabu. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi anaweza kuchangia. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Tuchangie katika hospitali yetu ya mkoa, maana mtoto wa kwanza kuihitaji ni yule anayeongezewa kabla hajapanda basi.

Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, mkutano unaofuata naomba ajenda hii iwe ya kwanza, kabla ya barabara na taka. Tuchague washika funguo wawili, mwandishi wa daftari na mfuatiliaji wa tarehe, siku hiyo hiyo. Wakatoliki, Wamoravian, Waislamu na Wapentekoste tukae benchi moja, viongozi wetu wa dini watangaze Jumapili na Ijumaa. Walio Dar es Salaam na Mbeya kutoka hapa, tupeni namba zenu za simu: mama wa kwenu akishuka stendi na mtoto mgongoni, mtu wa kumpokea anayemsalimia kwa Kifipa asikosekane.

Mavuno yakiingia, debe langu litakuwa ghalani wiki ya kwanza. Naomba na la kwako.