Kubalianeni Alizeti Ikiwa Bado Shambani

Ndugu mkulima, wiki chache zijazo alizeti itaanza kupimwa kwenye mizani, na hapo ndipo ugomvi huanza katika nyumba zetu nyingi hapa Itigi. Kupalilia mlipalilia wawili, lakini fedha inaingia kwenye simu ya mmoja. Wiki ikiisha, baba ana king'amuzi kipya asikose mechi ya Simba na Yanga, mama ana sare ya kitenge ya harusi, na paa linavuja palepale.

Wapo watakaowaambia acheni anasa, jengeni. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyeshika jembe tangu Desemba anastahili kitu cha kumfurahisha. Ukimkatalia kabisa hataacha. Atauza debe mbili kwa siri kwa mchuuzi anayepita, kwa bei ya hasara, na nyumba itakuwa imepoteza mara mbili.

Kaeni sasa, kabla ya kuvuna, kila mmoja atengewe kiasi chake ambacho hataulizwa. Tuseme mtapata magunia 10: gunia moja la baba, moja la mama, sawa kwa sawa. Usimpe mama nusu gunia eti kitenge si lazima. King'amuzi nacho hakiliwi. Kubeti sikuweki humo. King'amuzi kina bei yake, unalipa umemaliza. Mkeka ukichanika leo, kesho unataka kurudisha cha jana. Na wewe mwenye genge au duka, fungu lenu litoke kwenye faida, mtaji msiuguse.

Sasa nyumba. Mtasema afisa ugani ameingia mpaka chumbani, lakini wengi wetu ndimo tunamohifadhi mahindi. Paa likivuja, mahindi yanalowa, yanaota ukungu, na ukungu unaweza kuleta sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu kwa majirani zetu wa Dodoma na Manyara. Kwa hiyo matengenezo yaanzie pale yanapolala magunia: bati zima juu, na chini chaga ya mbao, magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Makochi ya kuonyesha wageni kwangu mimi ni starehe kama king'amuzi. Anayeyataka atoe kwenye gunia lake.

Mvua zetu ni za msimu mmoja. Ikifika Novemba fundi hapatikani, na mkimpata atawapandishia bei, hivyo fungu la paa litoke siku ileile mnayouza.

Kuna jambo jingine linanisumbua: mtu kuweka nyumba rehani kimyakimya ili anunue pikipiki ya kutembelea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mama, ukiletewa karatasi usaini, ipeleke kwanza isomwe na mtu unayemwamini.

Mkienda kununua bati nendeni wote wawili, na ulizeni geji kabla ya rangi. Namba ikiwa ndogo bati ni nene: geji 28 ni nene kuliko 30. Ile ya 32 ni rahisi, lakini upepo wetu wa Singida mnaujua.