Fedha za Kusomea Historia ya Wadachi Zipo: Je, Sisi Tu Tayari?

Wako vijana wetu wa Pwani waliopata shahada ya kwanza katika historia, wakapata na ya pili, kisha wakasimama hapo. Ukiwauliza kwa nini hawaendelei, jawabu lao ni moja: fedha. Sikatai kwamba fedha ni taabu. Lakini katika tawi moja la elimu hiyo, yaani historia ya Ujerumani, nathubutu kusema kwamba fedha zipo, na kinachotuzuia kuzifikia ni maandalio. Maandalio hayo ni wajibu wetu wenyewe, wala hatuwezi kumtwika mfadhili.

Najua kuna watakaouliza: mtoto wa Mvita, Lamu au Vanga ana haja gani na historia ya Wadachi? Haja anayo, maana historia hiyo ilipita katika milango ya babu zake.

Mwaka 1885 Ujerumani ilimweka chini ya ulinzi wake Sultani Ahmed wa Witu, aliyejulikana kwa lakabu ya Simba, baada ya ndugu wawili wa Kidachi, Clemens na Gustav Denhardt, kufanya naye mapatano ya ardhi. Miaka mitano baadaye, tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani na Uingereza zilitia sahihi mkataba, na Witu ikaachiwa Waingereza. Katika mkataba huohuo Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Watu wa Witu hawakuulizwa. Septemba mwaka huo Mdachi mmoja, Andreas Küntzel, aliuawa Witu pamoja na wenzake, na Oktoba manowari za Kiingereza zikashusha askari waliokwenda hadi mjini wakauteketeza kwa moto.

Sasa mtu akitaka kujua maafisa wa Kidachi waliandikiana nini juu ya mambo hayo, aende wapi? Hapana budi aende Berlin. Majalada ya idara ya makoloni ya Ujerumani yamehifadhiwa katika makavazi ya taifa mtaa wa Lichterfelde, katika mkusanyiko uitwao R 1001, na mengi yamekwisha kupigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Yako wazi kwa kila msomi. Lakini mwenye kuyasoma ndiye mwenye kusimulia, na asiyeyasoma hubaki kusimuliwa.

Witu si mfano wa pekee. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alikwenda Ujerumani mwaka 1867, akaitwa Emily Ruete, na kumbukumbu zake zikachapishwa kwa Kidachi mwaka 1886. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin tangu mwaka 1900, katika chuo kilichowatayarisha maafisa waliokuwa wakija huku. Alioa mwanamke wa Kidachi, na mwaka 1905 alipotaka kurudi naye nyumbani, serikali ya koloni ilikataa kuwaruhusu kushuka pamoja. Alirudi Ujerumani, akafariki huko mwaka 1927. Je, hiyo ni historia ya Waswahili au ya Wadachi? Mimi naona ni ya wote wawili.

Hata Lamu ina mfano wake. Mwaka 1936 na 1937 Ernst Dammann alikusanya huko mashairi na tenzi, akayachapisha Ujerumani mwaka 1940. Mtu huyo alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi cha Hitler. Aliwezaje kuyatukuza mashairi ya Waafrika Waislamu, na chama chake kikiwaona watu weusi kuwa viumbe duni? Hilo ni swali la shahada ya udaktari, na sioni nani angelifaa kuliuliza zaidi kuliko kijana wa Lamu.

Tuje katika fedha zenyewe. Shirika la Kidachi la kubadilishana wanafunzi na walimu wa vyuo vikuu, lijulikanalo kama DAAD, lilianza mwaka 1925, na tangu mwaka 1973 lina ofisi yake Nairobi. Hutoa misaada kwa wanaosomea shahada ya pili na ya udaktari. Mtu aweza kukaa Ujerumani kwa masomo yote, au akabaki katika chuo chake hapa, akaenda huko kwa miezi michache tu kusoma majalada. Njia hii ya pili yamfaa sana mwenye mke na watoto, au mwenye wazazi wa kutunza.

Uko Wakfu wa Gerda Henkel wa Düsseldorf, ulioanzishwa mwaka 1976 na Lisa Maskell kwa kumkumbuka mamake. Wakfu huu husaidia elimu za historia hasa. Mwaka 2014 ulianzisha msaada maalumu kwa wasomi wa udaktari wa Afrika kusini mwa Sahara na wa Asia ya Kusini-Mashariki, na Makerere ni miongoni mwa vyuo vilivyoshiriki. Neno wakfu halihitaji tafsiri kwa watu wetu. Misikiti yetu na visima vyetu vimesimama kwa wakfu, na wenzetu wameuelekeza wakfu wao kwenye elimu ya historia.

Tena iko taasisi ya historia ya Ulaya mjini Mainz, iliyoanzishwa mwaka 1950, ambayo huwapokea watafiti wa udaktari kutoka nchi mbalimbali na kuwapa posho wakae hapo kwa miezi kadhaa. Ama kwa mwenye udaktari tayari, uko Wakfu wa Alexander von Humboldt. Masharti na tarehe za mwisho hubadilika, basi kila mtu aulize ofisi yenyewe. Na akitokea wakala akadai ada ili akupitishe, mkimbie. Wafadhili niliowataja hawamtozi mwombaji senti.

Kwa nini basi majina yetu ni machache? Sababu ya kwanza ni lugha. Ufuoni Diani na Bamburi utawakuta vijana wakizungumza Kidachi na watalii kwa ufasaha, wamejifunza kwa masikio tu. Lugha hiyo tumeitumia kuuzia vinyago na kukodishia mashua. Huyu aliyeko chuo kikuu, anayeihitaji kwa elimu, hana hata neno moja. Kuna misaada inayomkubali mwenye Kiingereza, ni kweli, lakini ukifika Berlin jalada halitakusemesha Kiingereza.

Sababu ya pili ni hati. Maandishi ya mkono ya Wadachi wa zama hizo hayafanani na haya tunayoyajua. Hati hiyo, iitwayo Kurrent, ilitumika mpaka serikali ya Hitler ilipoiondoa mwaka 1941, na leo hata vijana wengi wa Kidachi hawawezi kuisoma. Hujifunzwa kwa mazoezi ya miezi, nayo si uchawi.

Hapa ndipo ninapowaona vijana wetu wana mtaji wasioutambua. Ndani ya makavazi na maktaba za Ujerumani zimo barua na tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Carl Büttner alichapisha mkusanyiko wa maandishi ya namna hiyo Berlin tangu mwaka 1892. Msomi wa Kidachi huhitaji miaka kadhaa ajifunze Kiswahili, kisha herufi, kisha lahaja. Mtoto wetu aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu wake amezijua herufi hizo kabla ya kuota meno ya pili, na Kiamu au Kimvita amekinyonya kwa mamake. Akiongeza Kidachi na hati ya Kurrent, atakuwa na elimu ambayo wachache mno duniani wanayo, na mfadhili ataliona hilo katika ukurasa wa kwanza wa maombi yake.

Lakini mtaji huo unapungua. Wazee wanaoweza kuisoma barua ya Kiswahili ya miaka mia iliyopita, wakakueleza na maana ya kila neno, wanatutoka mmoja mmoja. Msomi atakayekuja baada ya miaka 20 atakuta karatasi ziko salama Berlin, lakini wa kumfasiria hayuko.

Sababu ya tatu ni mpango. Maombi mengi huhitaji barua ya profesa wa huko aliyekubali kukupokea, swali la utafiti lililo wazi, na ratiba ya kazi mwezi kwa mwezi. Mwanafunzi akisema "nataka kuchunguza Wadachi na Waswahili" hatasikilizwa. Akisema ataka kulinganisha majalada ya Witu yaliyoko Berlin na masimulizi ya wazee wa Witu na Kipini, atasikilizwa. Au aandike juu ya Zanzibar ilivyoitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964 na nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa msaada wake, maana mashahidi wa mambo hayo wangali hai. Aanze kazi hiyo walau mwaka mmoja kabla. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wako pia wenye kuogopa kwamba fedha ya mgeni hununua ulimi. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa maovu yaliyotendwa katika vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Nchi iliyofika hapo itawezaje kumziba kinywa mtafiti anayesema yaliyomo katika majalada yake? Atakayeuliza swali lake mwenyewe kwa ushahidi hatanunuliwa. Wa kununuliwa ni yule aendaye bila swali.

Basi naomba mambo matatu. Kaunti zetu za Pwani, zinapogawa fedha za masomo, zitenge sehemu ndogo kwa kuwalipia wahitimu wa historia karo ya Kidachi, kwa kuwa hiyo ndiyo hatua ambayo wafadhili aghalabu hawailipii. Matajiri wetu wenye moyo wa wakfu nao waliangalie hilo, maana karo ya kozi moja ya lugha ni ndogo kuliko gharama ya karamu moja ya harusi. Na vijana wenyewe wasingoje tangazo la msaada ndipo waanze kujifunza. Waanze sasa, jioni moja Kidachi, jioni ya pili wakae na mzee barazani wakimsomea barua za kale. Mlango wa fedha utakapofunguliwa, awakute wamekwisha kusimama kizingitini.