Bodi Haijaungua, Umefungua Faili la Juzi

Wanachuo wenzangu, tusifichane. Wiki ya kukabidhi projekti, kila meza ya maabara ina mtu anayeapa kwamba bodi yake imeungua. Mwaka jana nilikuwa mmoja wao. Nilichomoa hela ya bumu nikanunua bodi ya pili ya STM32, eti kwa sababu STM32CubeMonitor ilikuwa inanionyesha unyevu wa udongo ni 0. Pampu ilikuwa inawaka na kuzima vizuri tu, maana yake programu inauona unyevu, ila mimi sikutaka kusikia. Bodi mpya nayo ikanipa 0 ileile.

Kumbe monita haiifuati variabo kwa jina. Inasoma anwani ya memori, na anwani hiyo inaitoa kwenye faili la ELF linalotengenezwa kila unapobildi. Nilikuwa nimeongeza variabo mbili, nikapakia programu mpya, lakini monita nikaiachia faili la juzi. Anwani zikahama. Siku nne nzima nilikuwa nagonga nyumba ya jirani nikilalamika mwenyewe hafungui!

Wengine mnakwama kwingine. Variabo iliyo ndani ya fankisheni inakaa kwenye staki au rejista, haina anwani ya kudumu. Ifanye static au iweke nje kwanza. Na kompaila ikiwekwa -O2 inaweza kuifuta kabisa variabo ambayo inaona haina kazi. Hapo neno volatile ndilo linaiokoa.

Sasa lawama yangu: mbona haya tunayajua mwaka wa mwisho, tena kwa kuumia? Tangu mwaka wa pili maabara ni kuprinti tu. Najua kuna watakaosema kuprinti kunatosha. Kwa kasi ya 9600, herufi moja inakula kama milisekunde 1. Mstari wa herufi 20 ni milisekunde 20, na bafa ya Arduino Uno ikijaa, programu inasimama kusubiri. Ukiprinti kosa linapotea, ukifuta print linarudi. Utajibu nini mbele ya paneli?

Tunaomba prakitiko moja tu, mwaka wa pili, tupewe bodi nzima na monita inayodanganya, tuambiwe tutafute uongo uko wapi.

Bodi yangu ya pili bado ipo kwenye boksi lake. Anayeihitaji anione, ila abildi upya kwanza.