Chakula cha masomo na vumbi la Kolwezi



Asubuhi nyingi tunamwekea mtoto mikate ya mafuta, au tunampa franka akanunue biskuti. Saa nne anakula, saa tano njaa imerudi na kichwa kinalala juu ya daftari.

Tujaribu kubadilisha. Jumatatu kiazi kitamu cha kuchemsha na kalanga. Jumanne mkate na yai. Yai moja linatosha watoto wawili wadogo. Jumatano mahindi ya kuchemsha na ndizi. Alhamisi wali na maharagwe yaliyopikwa asubuhi hiyo. Ijumaa mkate wenye kalanga ya kusaga, na embe wakati wake ukifika.

Lakini kwetu kuna na vumbi. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na Leuven, Ubelgiji, walitangaza waliyoyapima Kasulo: kobalti ilikuwa nyingi mwilini mwa wakaaji, hasa watoto, kuliko mtaa wa jirani usiochimbwa. Vumbi linakaa juu ya chakula na mikononi, kisha linaingia mdomoni.

Kwa hiyo tushike mambo matatu. Bakuli liwe na kifuniko kinachokaza. Matunda yaoshwe nyumbani kwa maji safi. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Tumwekee kipande kidogo cha sabuni mfukoni.

Kifuniko hakiwezi kuondoa mashimo mtaani, lakini hicho kiko mikononi mwetu. Mkutano ujao, kila mama alete bakuli la mtoto wake, tuonyeshane.