Mwizi mmoja asifungishe soko zima

Mfanyabiashara wa mpakani akisikia habari za michezo ya kompyuta hudhani ni mambo ya watoto. Lakini ipo michezo ya mtandaoni yenye masoko, bei, njia za hatari na majambazi. Mmoja ni RuneScape, ulioanza mwaka 2001 na unaoendeshwa na kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Yaliyotokea humo yanatuhusu sisi tunaoishi kwa kuvuka mipaka.

Mchezaji huanza mikono mitupu. Hukata miti, huvua samaki, huchimba madini na kuua mazimwi, kazi ileile mara maelfu, mpaka apate sarafu za dhahabu. Ni kusota hasa. Alichopata huwauzia wenzake. Lakini lipo pia eneo liitwalo Wilderness, nyika isiyo na sheria. Humo mchezaji mwenye nguvu kukuzidi anaweza kukuvizia, akakuua na kuchukua sehemu kubwa ya mzigo wako.

Taabu ilikuja watu walipoanza kuuziana dhahabu hiyo kwa fedha halisi. Baadhi ya walanguzi walilipia ada kwa kadi za benki za wizi. Makabidhiano yalikuwa rahisi: mmoja alitoa mamilioni, mwingine hakutoa kitu, au walikwenda nyikani, mmoja akajiachia auawe ili mwenzake aokote mzigo.

Desemba 2007 Jagex ikaondoa mapigano yale ya nyikani. Januari 2008 ikabana biashara: vitu vinavyobadilishwa lazima vikaribiane thamani. Katika soko kuu, bei ilibanwa isizidi wala kupungua asilimia 5 ya bei elekezi.

Walanguzi waliumia, hilo ni kweli. Lakini aliyetaka kumpa rafiki yake mtaji wa kuanzia naye alizuiwa. Mwenye bidhaa adimu hakuweza kuiuza kwa bei ambayo wanunuzi walikuwa tayari kulipa. Wachezaji wakaandamana ndani ya mchezo, na wengine wakahama. Miaka 3 baadaye kampuni iliwauliza kwa kura. Zilipigwa zaidi ya milioni 1, na zaidi ya asilimia 90 zilitaka soko lifunguliwe. Tarehe 1 Februari 2011 likafunguliwa.

Walanguzi nao walirudi, wakiwa na programu zinazosota badala ya binadamu. Safari hii soko halikufungwa. Oktoba 2011 kampuni ilizisaka programu zenyewe, ikatangaza kufungia akaunti milioni 1.5 kwa siku moja. Biashara ya wengine ikaendelea.

Sasa tutazame kwetu. Mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 31, 2022. Nayo ilikuwa miaka 3. Ugomvi ulikuwa wa serikali mbili, lakini waliokosa riziki ni wauza vyakula, mawakala wa forodha, wapagazi na mama lishe wa pande zote. Waliojaribu njia za panya walihatarisha mali na uhai wao.

Mwenye mtaji mkubwa mpaka ukifungwa hubadili njia: hupitisha lori mpaka mwingine, au husubiri. Mwenye mzigo wa kichwani hana pa kusubiria. Hata katika mchezo ilikuwa hivyo. Fedha ya Venezuela ilipoporomoka, baadhi ya raia wake waliingia katika nyika ya Old School RuneScape kuua mazimwi ya kijani, wakauza dhahabu kwa dola ili wale. Sheria za mchezo zilikataza. Wachezaji wengine wakaanza kuwawinda, na mwaka 2017 mmoja wao akasambaza mwongozo wa namna ya kuwaua. Aliyebeba kidogo, kwa shida, ndiye aliyeviziwa.

Hakuna anayetetea magendo. Bidhaa bandia na silaha lazima zikamatwe. Lakini kumkamata mhalifu ni kazi ya ukaguzi, taarifa na vyombo vyetu kushirikiana, na ni kazi ya kila siku. Kufunga lango ni kumhukumu kila anayepita.

Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina utaratibu rahisi kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, wenye cheti chepesi cha uasili wa bidhaa. Utumike kila lango, na ofisa amweleze mfanyabiashara haki yake badala ya kumwacha atafute njia porini. Na serikali ikiona lazima ifunge, itoe notisi ya kutosha kwa mizigo inayooza, itaje tarehe ya kufungua, na ikae na vyama vya wafanyabiashara kabla ya uamuzi.

Kampuni ya mchezo iliwauliza wachezaji wake. Wanaolipa ushuru kwa jasho halisi hawastahili chini ya hapo.