Ziwa likifungwa, mifupa ya bibi inakula nini?

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mjadala ulikuwa juu ya kipato cha wavuvi na bei ya dagaa sokoni. Sisi tunaongeza jambo moja: mifupa ya wazee.

Kwenye nyumba isiyo na ng'ombe wa maziwa, dagaa ndio kalsiamu ya kila siku. Sangara tunakula nyama na kutupa mifupa, lakini dagaa tunamla mzima mzima, mifupa yake ikiwemo. Protini nayo imo humo humo.

Mifupa hufikia uimara wake wa juu karibu na umri wa miaka 30, kisha hupungua taratibu. Mwanamke akikoma hedhi, kasi huongezeka kwa miaka kadhaa kwa sababu homoni iliyokuwa ikiilinda mifupa imeshuka. Hasikii maumivu yoyote. Siku akiteleza njia ya kisimani na kuvunjika nyonga, ndipo familia inashtuka, na kutoka kijijini hiyo ni safari ndefu ya hospitali.

Sasa dagaa wakiadimika, bakuli la nani linapunguzwa kwanza? Mara nyingi ni la bibi. Tunasema mzee hali sana, naye kipande alichopewa anamwachia mjukuu. Upande wa Ziwa Victoria, dagaa wengi huishia kwenye chakula cha kuku, kwa hiyo bibi anashindana hata na kuku.

Kufunga ziwa hatukupingi, maana samaki wasipopumzishwa wataisha. Lakini tarehe zikitangazwa mapema, nyumba nazo zijipange. Dagaa wakavu hukaa, mradi wawekwe pakavu. Kwa mzee asiye na meno, waoshwe mchanga wote utoke, waanikwe tena, wakaangwe bila mafuta, watwangwe, kisha unga wake utiwe kwenye mboga. Kikombe cha maziwa au mtindi hutoa karibu robo ya kalsiamu anayohitaji kwa siku. Mchicha ni mzuri, ila kalsiamu yake mwili huifyonza kidogo. Sukuma wiki inaushinda kwa hilo.

Mzee anayeshinda ndani atolewe juani, ngozi itengeneze vitamini D. Na aliyewahi kuvunjika mkono kwa kuanguka kidogo tu, akifika kituo cha afya amweleze mganga hivyo, hata kama amekwenda kwa ajili ya kikohozi.