Misa ya Kamina na mikataba inayoandikwa faraghani

Tarehe 23 Machi 1958, katika misheni ya Kikatoliki ya Mtakatifu Bavo mjini Kamina, waumini walisikia Misa ya Kilatini ikiimbwa kwa namna ya kwao. Kyrie ilifuata mtindo wa kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Hosana ilichezeka kwa mdundo wa ngoma ya Kasai. Waimbaji walikuwa wavulana wapatao 45 pamoja na walimu kama 15, na mwalimu Joachim Ngoi ndiye aliyekuwa akitangulia, wengine wakimpokea. Hapakuwa na noti zilizoandikwa. Sehemu kubwa ilizaliwa papo hapo, mwimbaji mmoja akianzisha na wenzake wakijazia. Aliyewakusanya na kuwaongoza ni Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1953.

Ndiyo Missa Luba. Mwaka huohuo kwaya ilizunguka Ulaya, ikaimba kwenye maonyesho makuu ya Brussels na kurekodiwa kwenye sahani ya santuri. Pier Paolo Pasolini aliitumia katika filamu yake ya 1964 kuhusu Injili ya Mathayo. Lindsay Anderson akaitumia tena katika if...., filamu iliyopata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1969.

Orodha nyingi za muziki humtaja Haazen kuwa ndiye mtungaji. Kazi aliyoifanya haifai kubezwa, kwani bila yeye huenda dunia isingeisikia kwaya hiyo. Lakini jina linaloandikwa kwenye nafasi ya mtungaji ndilo linalofungua mlango wa malipo, na mlango huo hukaa wazi kwa muda mrefu. Haazen alifariki mwaka 2004. Sheria za Ulaya hulinda haki za mtunzi kwa miaka 70 baada ya kifo chake, kwa hiyo chochote kinachohesabiwa kuwa chake kitalindwa hadi mwisho wa 2074. Wavulana wa Kamina hawakupewa hesabu ya namna hiyo. Kiitikio walichokipokea kwa wazee wao hakikuwa na mtunzi anayejulikana. Sauti zao wenyewe nazo hazikuwa na mkataba wa kimataifa wa kuzilinda, maana ule wa Roma unaowahusu waimbaji na wapigaji ala ulitiwa sahihi mwaka 1961, sahani ikiwa tayari sokoni.

Kanuni hizo zilipangwa bila mtu wa Kamina kuulizwa. Mkataba wa Berne, ulio msingi wa hakimiliki duniani, ulitiwa sahihi mwaka 1886, Ubelgiji ikiwa miongoni mwa waasisi. Mwaka 1948 Ubelgiji iliutandaza hadi koloni lake la Kongo. Baada ya uhuru, serikali ya Kinshasa, wakati huo Léopoldville, ilitangaza Oktoba 1963 kwamba inaendelea kufungwa nao. Januari ya mwaka huohuo ndipo vita vya kujitenga kwa Katanga, jimbo ilimokuwa Kamina, vilipomalizika. Nani huko Kamina angepata nafasi ya kujadili vifungu vya Berne?

Ukoloni ulikwisha, ila tabia ya kuandika kwanza na kuwajulisha watu baadaye haikwisha. Februari 2023, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipitisha mjini Addis Ababa Itifaki ya Haki za Ubunifu ya Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambalo Kongo ni mwanachama wake. Itifaki hiyo inagusa hakimiliki, na ina vifungu kuhusu maarifa ya jadi na sanaa za kimapokeo, yaani mambo yenyewe yaliyoikosesha kwaya ya Kamina haki zake. Hilo ni jema. Hata hivyo, rasimu zake hazikuwekwa hadharani ili wananchi wazisome wakati wajumbe wakizijadili. Wataalamu wa sheria wa Afrika walilalamika, na malalamiko yao ni ya haki. Huwezi kulinda wimbo wa kijiji kwa maandishi ambayo kijiji kimefichwa.

Watetezi wa faragha wana hoja yao. Mjumbe akitazamwa na umma kila hatua, wanasema, ataogopa kulegeza msimamo, na mazungumzo hayatafika mwisho. Ushahidi upo. Mkataba kuhusu rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi uliopitishwa Geneva Mei 2024, chini ya shirika la dunia la haki za ubunifu, WIPO, ulitoka katika kamati iliyofanya kazi mbele ya waangalizi tangu mwanzoni mwa karne hii. Zaidi ya miaka 20 ni mingi kwa mzee anayesubiri haki yake.

Lakini faragha nayo haiharakishi kila mara. Mkataba wa ACTA dhidi ya bidhaa bandia na uharamia wa kazi za sanaa ulianza kujadiliwa rasmi mwaka 2008, na wananchi wakaonyeshwa rasimu rasmi Aprili 2010 tu, baada ya kurasa kuvuja. Miongoni mwa nchi za Afrika, Moroko pekee ndiyo iliyotia sahihi. Watu walijaa barabarani Poland na kwingineko Ulaya, na Julai 2012 Bunge la Ulaya likaukataa kwa kura 478 dhidi ya 39. Kazi ya miaka yote ile iliangukia hapo. Kwa upande mwingine, Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaorahisisha vitabu kuwafikia wasioona, ulijadiliwa huku vyama vya wasioona vikiwa ukumbini, na umeridhiwa na nchi nyingi, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania.

Kongo haihitaji katiba mpya ili kufungua mlango huu. Ibara ya 46 inalinda haki za watunzi, na ya 214 inataka mikataba ya biashara, pamoja na ile inayobadilisha sheria za nchi, iridhiwe kwa sheria, maana yake ipite bungeni. Kasoro ni kwamba bunge hupokea maandishi yaliyokamilika, likiwa na uwezo wa kukubali au kukataa tu. Itifaki ya Addis Ababa bado inahitaji viambatanisho vya kufafanua utekelezaji wake, na hapo ndipo pa kuanzia. Rasimu za viambatanisho zitolewe kwa Kifaransa na kwa lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, kabla wajumbe hawajafunga safari. Zisomwe kwenye redio za Haut-Lomami, mkoa ilimo Kamina, wanakwaya na walimu wa muziki wapewe muda wa kujibu kwa maandishi, na wabunge wa mkoa wafike Kinshasa na majibu hayo mkononi. Swali la kwanza liwe hili: kwaya ikitunga kwa pamoja bila noti, jina la nani litaandikwa kwenye nafasi ya mtunzi, na pesa zitapitia mkono wa nani?